Sitini na Nne Zenye Kufuli

Uvira, 30 Juni 2016

Mwantum mdogo wangu,

Salamu nitazitia mwishoni nikikumbuka. Kwanza nikupe hesabu yangu kabla hujajazwa ya wengine.

Anayekuletea karatasi hii ni mama Mawazo, anavuka mpaka wa Gatumba kila siku na ndoo za mawese. Jibu umpe yeye mkononi. Simu sina. Laini niliitupa mtoni Rusizi, kwa sababu Moosa, ndugu wa mumeo, alishanipigia mara kumi na nne kabla sijaufikia mpaka.

Jumanne nilifungua butiki saa mbili na nusu, nimefunga saumu, sijamkosea mtu. Saa tatu wakaingia watu kumi na mmoja. Kila mmoja na kompyuta yake kwapani, na odinateri zote kumi na moja ukiziwasha zinatoa giza na mstari mmoja mweupe: MASSOUDI INFO, ASIATIQUE. Unajua naliandika jina langu ndani ya kila mashine ninayoiwekea Windows. Mafundi wote wa mtaa wa Asiatique wanafanya hivyo, mteja akipata shida ajue pa kurudi. Basi walirudi! Yule mwalimu Léonce, mtu wa kilo hamsini na nguo zake, alinipiga ubavuni na odinateri yake mwenyewe. Vioo vya kabati wamevunja vyote sita. Mwingine alinikaba na waya wa chaja mpaka nikaona vimulimuli.

"We mutu muwizi! Umetuulia mashine!"

Mi mwizi? Miaka kumi na minne nawauzia Windows kwenye CD kwa bei ya sahani mbili za wali, wakati ya halali inakula mshahara wa mwalimu wa miezi miwili. Miaka yote hiyo nilikuwa mkombozi. Leo mwizi.

Nikawauliza mmeifanya nini mashine. Wakasema wamepandisha Windows 10. Nani aliwapandishia? "Kwa Anouar. Bure."

Bure, Mwantum. Tangu mwaka jana wenye Windows wanagawa mpya bure kwa kila aliye na ya zamani, na hata iliyo ya wizi inapanda. CD nilizokuwa nauza arobaini kwa wiki zikawa sita. Nilivumilia, kwa sababu hao wako mbali, mkono wangu hauwafikii. Lakini Anouar? Niliyemfundisha mimi, niliyemwoza mdogo wangu, akae mlango wa tatu kutoka kwangu, abandike karatasi WINDOWS 10 BURE, halafu mashine zife na jina langu usoni?

Nilichukua nyundo nikaenda kwake. Nilimwuliza mara moja tu: ni wewe? Akasema ndiyo. Nikampiga. Sijui mara ngapi, na mi ni mtu wa kujua mara ngapi.

Niandikie kama yuko hai. Halafu nenda butiki: nyuma ya jenereta kuna katoni nne, CD elfu moja na mia nne. Zihamishie kwako. Bure yao inakwisha tarehe 29 Julai, wameiandika wenyewe kwenye tangazo. Tarehe 30 watu watanunua tena.

Msalimie mama.

Massoudi

*

Buyenzi, 4 Julai 2016

Kaka Massoudi,

Yuko hai.

Ulimpiga mara saba. Wewe hujui, mi najua. Taya limevunjika mahali pawili, wamelifunga kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Jicho la kushoto limetoka. Sikuandika limeumia. Limetoka. Meno matano niliyaokota mwenyewe sakafuni nikayafunga kwenye kitambaa, sijui kwa nini, hakuna mtu anayerudisha meno.

CD zako usiziulize. Mchana ule ule walivunja mlango, wakazimwaga barabarani, wakazitia petroli. Mzee Nasser wa vitambaa alisimama kuwazuia, wakampasua kichwa kwa jiwe. Nyuzi tisa. Moshi wa CD ulikuwa mweusi, watu wakakohoa mpaka sokoni, na walikuwa wanashangilia. Walikuwa wateja wako, kaka. Niliwajua kwa majina.

Moosa amefunga gereji. Anashinda Gatumba na chuma cha jeki, anamtazama kila anayevuka. Mbele ya mama yake ameapa: mikono yote miwili, halafu jicho moja.

Anouar amekataa kwenda polisi. Hawezi kusema, anaandika kwenye daftari. Aliloandika juu yako nakunakilia lilivyo: "Massoudi asimame Asiatique mbele ya watu, aseme mashine ziliuawa na dawa yake. Akisema, nitamzuia Moosa. Asiposema, asirudi."

Na mi nina swali langu. Ulikwenda na nyundo na neno moja, ni wewe. Kwa nini hukuuliza la pili?

Idd njema.

Mwantum

*

Uvira, 9 Julai 2016

Mwantum,

Dawa yangu! Ati dawa yangu!

Dawa ni kitu gani? Ni programu ndogo ya kuidanganya Windows idhani imelipiwa. Inafanya hilo tu, kisha inalala. Nimeitia kwenye mashine zaidi ya elfu tano na hakuna iliyowahi kufa. Mashine haifi kwa dawa iliyoishi nayo. Inakufa kwa mkono wa mtu asiyejua kazi, na mtu huyo alikiri mwenyewe mbele yangu.

Nisimame Asiatique nijitukane? Nilitoka Rumonge nina miaka kumi na tisa na betri ishirini za redio kwenye kikapu. Sikuachiwa butiki na baba, sikupewa na mjomba mwenye duka. Jina lile lililo kwenye giza ndilo kitu pekee nilichojenga. Nikilivunja kwa mdomo wangu, nitarudi kufanya nini, kuuza betri?

Hapa Uvira nalala kwa Birindwa, anachaji betri za magari na kuuza odinateri kuukuu. Juzi alikuja mtu akajisifu kwamba kapandisha 10 bila kutoa kitu, akacheka: "Nyinyi wa CD mutakula nini sasa?" Nilimvunja pua. Damu iliruka mpaka kwenye shati la Birindwa, na sasa Birindwa naye ananitazama kama mzigo.

Usidhani nimepoa. Mwambie mumeo, na wewe sikia: mtu yeyote nitakayemkuta anagawa hiyo bure kwa mashine zangu, awe nani, nitamvunja vidole vyote kumi asibonyeze tena herufi za klavie. Mi sisemi kwa hasira, nasema kwa hesabu.

Jicho nimelisoma. Sina la kuandika juu ya jicho.

Nani aliyekwambia saba?

Massoudi

*

Rumonge, 15 Julai 2016

Kaka,

Usimtume mama Mawazo tena Buyenzi. Niko Rumonge kwa mama tangu juzi. Barua zako aziache kwenye teksi za Rumonge, kwa dereva anayeitwa Khaled. Nimekimbia kabla hujaisoma hii, kwa sababu nakujua.

Ni mimi.

Anouar anajua printa na wino. Windows 10 hajapandisha hata moja maishani mwake. Karatasi ya mlangoni niliiandika mimi. Ungetulia ukaangalia herufi ungezijua, uliilipia shule iliyozifundisha. Windows 10 niliishusha kwenye intaneti ya ofisi ya bandarini ninapoandika karatasi za mizigo ya Kigoma. Giga tatu, siku nne, saa za chakula, wenzangu wakienda kula mi nakaa. Nikaitia kwenye kle ya USB na kuwapandishia watu sabini na wawili. Sitini na moja zilipanda salama. Zinakumbusha pembeni kwamba hazijalipiwa, lakini zinafanya kazi. Kumi na moja zilikufa, na hizo zote zilikuwa na dawa yako ya mwaka huu, ya kuanzia Machi. Zenye dawa za zamani zilipita bila shida.

Mwezi wa tatu uliweka nini, kaka?

Miaka tisa nilikaa nyuma ya kaunta yako nikichoma CD na kubandika lebo. Uliwafundisha wanaume sita. Nilipokuomba, ulisema kazi hii ina nyaya, we ni mwanamke, panga maboksi. Nilijifunza kwa kutazama mgongo wako. Sikugawa ili nikuue. Niligawa kwa sababu watu walikuwa wanaambiwa walipe kitu kilichotolewa bure, na mi nilijua kukifungua.

Jumanne ile nilikuwa nyuma ya pazia la butiki yetu, nimepakata mashine ya mtu. Pazia lina tundu. Nilikuona ukiingia. Ulipouliza, Anouar alisema ndiyo, na chini ya meza akanionyesha kiganja: kaa. Nikakaa. Pigo la kwanza, nikakaa. La tatu alikuwa ameshaanguka, ukapiga goti ili umfikie, nikakaa. Nilikaa mpaka la saba. Ndiyo maana najua.

Hayo sijamwambia Moosa. Sijamwambia mama. Nakwambia wewe kwa kuwa ndiye uliyepiga.

Umeandika vidole kumi. Hivi ndivyo vidole ninavyokuandikia navyo.

Mwantum

*

Uvira, 21 Julai 2016

Mwantum,

Niliisoma nikatoka nje nikaupiga ukuta wa Birindwa. Ukuta haukusikia kitu. Kifundo changu kimoja cha kidole kimevunjika.

Halafu nikafanya kazi ninayoijua. Birindwa alikuwa na odinateri tatu za kuuza. Alipokwenda sokoni niliziwekea Windows yangu na dawa ya Machi, zote tatu, na kisha nikaanza kuzipandisha 10. Kle zenye 10 hapa zinauzwa kama karanga. Ya kwanza ilifika asilimia sabini na tano, ikafa. Ya pili, sabini na tano. Ya tatu niliikalia mbele bila kupepesa. Sabini na tano. Giza, na jina langu.

Umeuliza niliweka nini. Niliweka kufuli. Wateja walikuwa wananikimbia, nami nikataka mashine zangu zibaki zangu, mtu mwingine akigusa Windows niliyoiweka mimi, ikatae. Nilidhani itakataa tu. Nilidhani, Mwantum! Mi ninayehesabu hata visu vya kukatia lebo, sikuijaribu kwenye mashine hata moja. Niliogopa nikiijaribu ikashindwa nitakosa la kufanya.

Birindwa aliporudi akakuta mashine zake tatu zimekufa, nikamwambia kufuli sikuwahi kuijaribu. Alichukua kopo la maji ya betri akanimwagia mguuni. "Mi pia sikujaribu," alisema. Ngozi imetoka upana wa viganja viwili. Nilistahili kimoja.

Sasa sikiliza. Daftari la wateja nilikimbia nalo, niliacha shati nikabeba daftari. Zenye kufuli niliziuza sitini na nne. Kumi na moja zimeshakufa, bado hamsini na tatu. Bure inakwisha Ijumaa ya wiki ijayo na tangazo linawatokea watu kwenye skrini kila asubuhi, kwa hiyo wote watakimbilia siku za mwisho. Hamsini na tatu zitakufa ndani ya wiki moja. Mojawapo ni ya zahanati ya mkunga Léoncie, ina karatasi za wajawazito mia mbili. Nyingine ni ya mzee anayeandika kitabu cha ukoo wake, hana nakala.

Navuka Jumanne. Niandikie jinsi ya kuiondoa dawa bila kuua mashine. Na kama kuna njia ya kufufua zilizokufa, niandikie hiyo pia.

Juu ya vidole. Sikujua ni vyako. Lakini nilipoandika nilijua ni vya mtu, na kalamu sikuiweka chini. Hilo ndilo linalonikosesha kula.

Massoudi

*

Rumonge, 23 Julai 2016

Kaka,

Kuondoa dawa ni hatua tisa, nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Usiruke ya sita hata ukiwa na haraka. Kufufua siwezi kukuandikia, ni kazi ya mikono, kila mashine ina yake. Katika zile kumi na moja nimefufua nne.

Usivuke Gatumba. Barua yako nimempelekea Anouar kwa sababu sitaki tena kumficha kitu mtu aliyelala kitandani kwa ajili yangu. Sikujua angemwonyesha Moosa.

Mwantum

*

Bujumbura, 24 Julai 2016

Massoudi,

Nimesoma zote, na ile ya vidole vya mke wangu.

Sharti la kusimama Asiatique liko pale pale. Moosa simzuii tena.

Njoo.

Anouar

*

Bujumbura, 30 Julai 2016

Mwantum,

Naandika kwa mashine, kidole kimoja kimoja cha kushoto. Kosa la herufi usilihesabu.

Nilivuka Jumanne saa moja asubuhi na mama Mawazo, ndoo ya mawese kichwani kama mchukuzi. Moosa alinitambua kwa mwendo. Mguu wenye kidonda ulikuwa unanivuta. Alikuja taratibu, chuma begani, watu wakafungua njia.

"Shemeji, karibu. Weka ndoo chini, mawese ya mama wa watu yasimwagike."

Nikaiweka.

"Tunaanza na mkono upi?"

Nikamwambia wa kuume. Wa kushoto nina kazi nao mpaka Ijumaa.

Akacheka, wallahi, akawageukia watu: "Mumesikia? Anapunguza bei!" Halafu akapiga. Mifupa yote miwili, chini ya kiwiko. Nilisikia sauti kabla ya maumivu, kama mtu kavunja muwa chumba cha pili. Nikaanguka. Akanikanyaga shingo, akaunyoosha wa kushoto kwenye lami, akainua chuma tena.

Anouar alikuwa kwenye pikipiki, kajifunga kitambaa jichoni, ametazama yote. Akashuka. Nilifikiri anakuja kumaliza mwenyewe, na ningemwachia. Akachuchumaa, akafungua daftari, akaandika, akaniwekea mbele ya pua: "Zimebaki ngapi?"

Nikasema hamsini na tatu.

Akamnyooshea Moosa kiganja. Moosa akatema mate pembeni ya sikio langu. "Mukono nimeuacha. Jicho sijalisamehe, nimeliahirisha."

Walinifunga mkono kwa mbao mbili za kasha, tukaenda Asiatique moja kwa moja, watatu juu ya pikipiki. Nilisimama kwenye ngazi ya mzee Nasser, na nyuzi zake tisa kichwani akanipisha. Nikasema: kufuli niliitia mimi, dawa ni yangu, mashine nimeziua mimi, na Anouar hakugusa hata moja. Watu wakainama. Kisha mawe. Mawili yalinipata mgongoni na moja mdomoni. Mwalimu Léonce alipanda ngazi akanizaba makofi mpaka mkono wake ukachoka, halafu akauliza atarudishiwa lini mitihani yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini Anouar alisema ni yeye. Nadhani wanawake walishaelewa.

Siku nne tumezunguka na daftari. Moosa ndiye anayeendesha, hasemi nami. Anouar anagonga mlango, mi nasema maneno yale yale: mashine yako ina ubaya nilioutia, nimekuja kuutoa. Wengine wanapisha. Kule Buterere mtu mmoja alitufungulia mbwa. Zahanati tuliiwahi, Léoncie alikuwa ameshaweka kle na kidole kiko juu ya klavie. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka akalia. Yule mzee wa kitabu cha ukoo tulimkosa kwa siku moja. Alitukalisha, akatuletea chai, hakusema neno baya. Afadhali angenipiga.

Jana bure imekwisha. Katika hamsini na tatu, thelathini na moja tumezitoa kufuli, kumi na tisa tulizikuta zimekufa, tatu wenyewe wamehama mji. Ukijumlisha saba ulizokuwa hujazifikia, ishirini na sita zimelala kwa Anouar juu ya meza. Nimejaribu kufufua moja. Nimeshindwa. Anouar naye ameshindwa.

Leo, tarehe 30, siku niliyokuwa naingojea, walikuja watu wanne kuulizia CD. Nimewaambia sina, na nisingewauzia.

Wenye mashine wanauliza fundi ni nani. Nawaambia ni mdogo wangu Mwantum. Mmoja akaguna, "mwanamuke?" Mkono wa kushoto ulikunja ngumi wenyewe. Niliutazama mpaka ukafunguka, nikamwambia kama hataki aichukue mashine yake akaizike. Ameiacha.

Sikuandikii ili unisamehe. Kuna boti ya mizigo inaondoka bandarini Jumanne kwenda Kigoma, nimeshaongea na nahodha. Ukitaka kurudi kwako bila kuniona, nitapanda, na Bujumbura sitakanyaga tena. Ukitaka nibaki, nitabeba mashine na kufagia. Neno moja linatosha, mpe dereva Khaled.

Massoudi

*

Rumonge, 31 Julai 2016

Kaka,

Usipande boti.

Nafika kesho na teksi ya kwanza. Mashine zipange kwa tarehe ulizoziuza, ya mzee wa kitabu iwe juu. Usiwashe hata moja. Mwambie Anouar aling'oe lile pazia, sitaki kuliona.

Nitafanya kazi mbele, mezani. Na wewe utakaa upande wa pili, mahali ninapoiona mikono yako.

Mwantum